Msumari wa Mlango wa Stoo

Alama iliyo kwenye mkono wangu wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, haikuachwa na msumari. Iliachwa na mbwa wetu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimelikana jambo hili mbele ya kila aliyeuliza: mume wangu, wanangu, wenzangu wa chuo kikuu, hata daktari mmoja kijana aliyeushika mkono wangu, akaugeuzageuza kwenye mwanga, akaniuliza ni msumari wa namna gani huo unaochoma juu na chini kwa pamoja. Nikamwambia mlango wa stoo yetu kule Mpanda ulikuwa na misumari mingi. Akanitazama, nami nikamtazama kwa jicho la mwalimu, akaandika msumari.

Stoo yenyewe ilikuwepo, hilo si uongo. Ilikuwa nyuma ya nyumba yetu ya Misunkumilo, miaka ya sabini, wakati ambapo huko mashamba yalikuwa mengi kuliko nyumba. Baba alikuwa akikusanya asali na nta kutoka kwa warina asali, watu waliokaa porini muda mrefu kisha wakatokeza na madebe begani, ndevu zimeota, macho mekundu kwa moshi. Asali ilikaa stoo ikingoja treni ya kwenda Tabora. Kwa hiyo tulikuwa na wezi wa aina mbili: nyuki, waliokuja mchana kudai chao, na watu waliotaka asali ya kupikia wanzuki, ile pombe ya asali. Nyuki hawakuwa na dawa. Kwa ajili ya hao wengine tulifuga mbwa.

Alikuja kwetu ndani ya mfuko wa mrina asali mmoja, mdogo kama kiatu, ananuka moshi. Alikuwa na jina, lakini sitaliandika. Kwa miaka mingi nilikataa kulitamka kwa hasira. Sasa nakataa kwa sababu nyingine. Baba alinikabidhi mimi, pengine kwa sababu dada yangu alikuwa ameshakua, ana mchumba, na mimi ndiye niliyekuwa bado nacheza na watoto wa mabunzi ya mahindi.

Nilimlea kwa sheria. Baba hakupenda kurudia maneno, kwa hiyo sheria zake zilikuwa fupi. Mbwa akila, usimguse. Akilala, mwite kwanza kabla hujamkaribia. Akishika mfupa, usimnyang'anye. Mpe kingine, atauachia mwenyewe. Akichezea vidole vyako kwa meno, piga kelele kama umeumia, ondoka, mchezo umekwisha. Na usimtazame mbwa wa watu machoni kama unamdai. Hizi sheria nilizifuata kuliko katekisimu. Mbwa alipofikia ukubwa wake, mtoto yeyote wa jirani aliweza kumvuta masikio na yeye akamtazama kwa subira ya mzee aliyepangiwa kukaa na wajukuu. Nilijivuna. Niliwaambia watu, "Mbwa wangu haumi," kama mtu anayesema mwanangu hatukani.

Mama alikuwa na sheria yake moja, na hiyo ilikuwa juu ya zote. Ilitoka kwao, kwa Wakonongo, au ndivyo alivyodai. Sijawahi kukutana na Mkonongo mwingine anayeifahamu. Kila anayelala nyumbani kwetu alipaswa kumpa mbwa tonge la kwapa. Unachukua tonge la ugali, unalibana kwapani mpaka lipoe, kisha unamlisha mbwa kwa mkono wako mwenyewe. Mbwa akishakula jasho lako, alisema mama, umekuwa mtu wa nyumba, hawezi kukuuma. Hakuna aliyesamehewa. Katekista mmoja aliyekuja kulala kwetu akielekea Usevya alifungua vifungo vya shati kwa heshima zote, akaliweka tonge, akakaa kimya mkono umebana, kama anayepimwa homa.

"Mama, hili ni jambo la kiimani?" aliuliza.

"Ni jambo la suruali yako, Katekista," mama akamjibu. "Umekuja na ngapi?"

Alikuwa nayo moja. Akaendelea kubana.

Aliyekuwa nje ya mpango huu ni mchumba wa dada, niliyekwisha kuzoea kumwita shemeji. Alikuwa akilima Kabungu na alikuja kwetu mara kwa mara na baiskeli, lakini mkwe halali ukweni, na asiyelala hatoi tonge. Basi kila akija alisimama barabarani, baiskeli mbele yake kama ngao, akapiga kelele: "Hodi! Huyo mkwe mwenzangu mmemfunga?" Dada alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Mbwa hakuwahi kumuuma. Alimbwekea tu, kwa kutimiza wajibu, halafu akanitazama mimi kuuliza kama inatosha.

Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni Tabora, mbwa alitufuata mpaka stesheni. Alikaa chini kwenye kokoto, masikio yamesimama, akiitazama treni kana kwamba ni ng'ombe wa mtu aliyeingia shambani. Niliondoka na blanketi jipya, kwa sababu shule ilitaka jipya. La zamani, la kijivu lenye mstari mwekundu, ambalo nilijifunika tangu najifahamu na ambalo mbwa alilalia pembe yake wakati bado mdogo, nililiacha limekunjwa kitandani. Nakumbuka nilivyolipapasa. Nilikuwa mtoto wa kuaga vitu.

Niliporudi likizo, treni iliingia mchana na aliyenipokea ni dada. Njiani alinimwagia habari zote. Habari kubwa ilikuwa kwamba wezi waliingia stoo wakatoka na madebe ya asali, na mbwa alikuwepo.

"Alifanya nini?" niliuliza.

"Aliwasindikiza," dada akasema. "Nyayo zake zimeandamana na zao mpaka barabarani. Baba anasema ungemfundisha na kuwabebea madebe."

Nilicheka. Dada hakucheka sana. Akasema baba alikasirika, akasema amechoka kufuga mbwa wa kanisani, na kwamba siku hizi mbwa amebadilika kidogo, nisishangae. Nilimuuliza amebadilikaje. Akahamisha begi langu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, akasema nimeongeza uzito wa vitabu tu, mwili umebaki vilevile.

Tulipofika, mbwa alikuwa amefungwa kamba. Hatukuwa tukimfunga. Aliniona, akatikisa mkia, akanyanyuka, akaanza kulia ule mlio wake mwembamba wa furaha. Nikamkimbilia. Aliponusa mikono yangu nywele za mgongoni zilimsimama, akarudi nyuma. Akanitikisia mkia tena. Kisha akanguruma, mkia ukiendelea kutikisika, kama mtu anayejaribu kusema maneno mawili kwa wakati mmoja.

"Mpe tonge," mama alisema toka jikoni. Alilisema haraka, hata kabla ya kunipa mkono.

"Mimi? Mama, mimi ndiye niliyemlea!"

"Umeondoka. Mpe upya."

Sasa, mimi nilikuwa nimesoma biolojia muhula mzima. Nilijua kuhusu vijidudu. Nilimweleza mama kwamba kwapa ni makazi ya bakteria, na kwamba mbwa anamtambua mtu kwa kumbukumbu, siyo kwa ugali. Neno bakteria nililitamka kwa utamu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia chungu chake, akasema, "Haya, mwalimu."

Baba alitoka stoo akaniamkua vizuri, akaniita mwanangu, akaniuliza habari za masomo. Kisha akarudia tangazo lake la siku zote, safari hii bila kunitazama: mbwa atakayemuuma mtu wa nyumba hii, hatalala. Kila mtu alijua maana yake. Jirani yetu alikuwa na gobori, na alipenda kuitwa.

Chumbani nilikuta blanketi langu la zamani limefuliwa, linanuka sabuni ya mche, limekunjwa safi. Lilikuwa na viraka ambavyo sikuviacha, vidogo vidogo, vimeshonwa kwa mkono wa mama.

"Panya," mama alisema nilipomwuliza.

Niliguswa. Nilifikiri jinsi alivyokaa barazani, mimi niko mbali, akishona blanketi la mtoto wake. Hata usiku ule, kabla ya usingizi, nilivihesabia viraka vile upendo.

Siku chache baadaye nililitoa blanketi kulianika. Baba alikuwa ndani ya stoo anachuja nta, dada kisimani, mama kwa jirani. Mbwa alikuwa amefunguliwa, amelala kivulini. Tangu siku ya kwanza alikuwa amenizoea tena, au niliamini hivyo, tukashinda pamoja kama zamani. Nilikung'uta blanketi, nikalitupia kwenye mkono wa kushoto ili nipate kunyoosha kamba kwa ule wa kulia. Nikamwita jina lake, kwa sababu sheria inasema mwite kwanza.

Hakubweka. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Mbwa aliyekuwa akimbwekea hata kuku mgeni alikuja kimya, tumbo karibu na ardhi, akaurukia mkono uliovaa blanketi, akabana. Nilihisi meno yakipita kwenye sufu na kufika kwangu. Nikafanya kile nilichofanya alipokuwa mdogo: nilipiga kelele kama niliyeumia, jambo ambalo safari hii halikuhitaji kuigizwa. Akaachia. Papo hapo. Akarudi nyuma, akanitazama, akatazama blanketi lililoanguka, akajikojolea.

Baba alitokeza mlangoni mwa stoo. Sijui alikuwa ameona kiasi gani. Nilikuwa nimeshika mkono, damu inapita katikati ya vidole, na kitu pekee kilichokuwa kichwani mwangu ni gobori la jirani.

"Msumari," nilisema. "Wa mlango wa stoo. Nimekwaruzwa."

Mlango wa stoo ulikuwa nyuma yake. Mimi nilikuwa kwenye kamba ya kuanikia, upande wa pili wa uwanja. Baba aliutazama mlango, akanitazama mimi, akamtazama mbwa, akasema, "Ile misumari nitaigongelea."

Na kweli aliigongelea, jioni ileile, msumari mmoja mmoja, kwa bidii ambayo niliichukua kuwa ya kuniamini.

Mama aliporudi aliosha mkono kwa sabuni na maji ya kumiminika, muda mrefu, mpaka nikalalamika kwamba msumari haukuwa mchafu hivyo. Aliendelea kuosha. Kisha baba alinipandisha kwenye baiskeli mpaka hospitali nikachomwa sindano ya pepopunda. Hakuna aliyezungumzia kichaa cha mbwa, kwa sababu hapakuwa na mbwa katika simulizi letu. Anayesoma hapa tafadhali asiige: ukiumwa na mbwa, hata wa nyumbani, hata aliyekwisha kuchanjwa na bwana mifugo kama wa kwetu, sema mbwa.

Siku zilizofuata baba alianza kumpelekea mbwa chakula mwenyewe. Alichuchumaa akamtazama akinywa maji. Alimfungua mdomo, akamtazama mate. Nilidhani amempenda tena, na kwamba ni uongo wangu uliowapatanisha. Nilimwonea wivu kidogo, kwa sababu mimi nilikuwa siwezi tena kumkaribia. Nilimwokoa na risasi, lakini sikuweza kumsamehe. Nilikaa barazani mkono umefungwa bendeji, nikamtazama, nikajiuliza nilimkosea nini. Kukaa mbali muhula mmoja? Kukataa kulibana tonge? Ndiyo, mwishowe niliamini ni tonge. Binti wa biolojia alikubali kimyakimya kwamba ameumwa kwa kutobana ugali kwapani, na kwamba upendo wote ule ulikuwa haufiki uzito wa tonge moja.

Mama alichukua blanketi akashona matundu mapya. Hakuniuliza yametoka wapi. Sikuona ajabu.

Likizo iliyofuata mbwa hakuwepo. Baba alisema amempeleka Usevya, kwa rafiki yake mkulima wa mpunga. Nilikuwa msichana aliyeelimika; nilijua Usevya maana yake nini. Wakubwa wote wana mahali pa mbali, penye chakula kingi, wanakowapeleka wanyama wasiowataka. Sikuuliza. Nilijiambia ni haki yake.

Nimekaa na jambo hilo chuo kikuu, kwenye ndoa, kwenye kazi. Watoto wangu hawakufuga mbwa. Walipoomba, niliwapa hotuba yote: usimguse akila, mwite kabla hujamkaribia, usimnyang'anye mfupa. Na mwisho niliongeza sheria ambayo baba hakunifundisha: hata ukifanya yote hayo, siku moja atakuuma wewe uliyemlea. Mwanangu mkubwa aliwahi kuniuliza nimejuaje. Nikasema nimesoma. Mbwa alikuwa amekwisha kwenda zake, hapakuwa tena na wa kumlinda, lakini nilishikilia msumari. Aliyeumwa na mbwa wa watu ana kisa cha kusimulia. Aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe, aliyemlea kwa mkono, ana aibu tu, na watu huanza kumchunguza yeye.

Niliisema kweli hivi karibuni tu, nyumbani Mpanda, tulipokusanyika kumaliza msiba wa baba. Mama alikwisha kutangulia. Tulikuwa tunakula, wajukuu wanamchezea mbwa wa jirani, na mmoja wao akanyoosha mkono kwenye sahani ya yule mbwa. Nikapiga kelele. Kisha, kwa kuwa wote walikuwa wamenigeukia, nilikunja mkono wa gauni nikawaonyesha. Nikasema huu siyo msumari. Nikalitaja jina la mbwa, kwa mara ya kwanza tangu Usevya, nikasema alikuwa amenisahau. Nilijitayarisha kwa kicheko. Familia yetu hucheka. Niliandaa hata utani wa kuanzia, kuhusu bakteria.

Hakuna aliyecheka. Wajukuu walisogea kuona. Dada alianza kukusanya sahani zenye chakula bado. Shemeji, mzee sasa, miguu inamsumbua, alinawa mikono taratibu sana, akasema anakwenda kupumzika.

Nilirudi nyumbani kwangu nikifikiri nimewachosha. Nikaanza kuandika jambo hili, kwa sauti ya mzaha, likielekea kwenye fundisho zuri kuhusu kusamehe wanyama. Nilikuwa nimefika kwenye gobori simu ilipolia.

"Shemeji," alisema mume wa dada. "Umeamkaje huko?"

Tulisalimiana kirefu, kama inavyopasa. Aliuliza hali ya mume wangu, ya watoto, ya mvua. Kisha nikamsikia akifunga mlango upande wake.

"Shemeji, ule mkono. Dada yako hataki niseme. Lakini mzee ameshakwenda, na mimi ndiye niliyekuwa nashika."

"Ulikuwa unashika nini?"

"Blanketi."

Akanieleza. Baada ya wizi ule baba alitaka mbwa awe mkali, na mtu wa nyumba hawezi kumfundisha mbwa ukali, kwa sababu mbwa amekula jasho lake. Ilihitajika mtu asiyetoa tonge. Basi wakamwita yeye kutoka Kabungu. Alikuwa ameposa, hakuweza kumkatalia baba mkwe. Ilihitajika pia kitu cha kuzungushia mkono ili asiumizwe, kitu kizito, kisicho na harufu ya mtu anayeishi pale, mbwa asije akawageukia wenyeji.

"Mama yako akaingia ndani akatoka na lile la kijivu," alisema. "Mzee akamwuliza, hilo? Mama akasema, mengine yote yana wenyewe."

Nilikuwa nimekaa na kalamu mkononi. Niliitazama.

"Alisema hivyo?"

"Hakuwa na nia mbaya, shemeji. Ulikuwa uko shule. Ndivyo walivyoona, kwamba wewe humo tena katika nyumba. Hakuna aliyefikiria utarudi ulishike."

"Na baba alijua siku ile."

"Alijua. Wote tulijua. Mzee alisema kama mtoto mwenyewe amesema msumari, basi ni msumari."

Nilimwuliza kuhusu Usevya, nikiwa tayari kabisa kwa jibu. Akashangaa. Mbwa alikwenda Usevya kweli, alisema, yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka, kwa miguu, kamba mkononi. Alizeeka huko akilinda mpunga dhidi ya nyani na kulala na watoto wa yule mkulima. Hakumuuma mtu. Kitu pekee nilichoamini kuwa uongo ndicho kilichokuwa kweli.

Nilidhani amemaliza. Nikaanza kumshukuru kwa kupiga.

"Bado, shemeji," alisema. "Lililonifanya nipige ni hili. Pale juzi ulisema mbwa alikusahau. Siyo kweli. Siku ya kwanza nilipomwendea na lile blanketi, nimelizungusha mkononi, nina fimbo, alitikisa mkia. Alikuja akaliingizia pua, akalia kale kamlio kake, akajilaza juu yake. Nikampiga, akarudi akajilaza. Ilituchukua muda mrefu sana, shemeji. Mzee alikuwa anakaribia kukata tamaa. Mbwa alikuwa hataki kabisa."